Betri za drili na grinda: dalili, sababu, na namna ya kupanda nazo ndege

Betri ya drili ikigoma, wengi wetu huwaza mambo mawili tu: kununua nyingine au kuipeleka kwa mtu aifungue. Yote mawili ni gharama, na la pili lina hatari yake. Kabla ya kufika huko, ijue betri yako kwa namba.

Betri ya lithiamu iliyoandikwa volti 18 ina seli tano (vibetri vidogo vya ndani) zilizofuatana, kila moja volti 3.6. Seli ikijaa hufika 4.2, hivyo betri nzima ikiwa imejaa husoma karibu 21. Ndiyo maana kampuni moja huandika 18V na nyingine 20V Max kwa kitu kile kile. Zile fupi za 12V Max ni seli tatu. Zenye ampia-saa nyingi (Ah, kipimo cha umeme unaohifadhiwa) zina mistari miwili ya seli tano badala ya mmoja, lakini volti hazibadiliki.

Chukua mita ya kawaida, iweke kwenye volti za DC, pima kati ya chanya na hasi betri ikiwa imepumzika kama nusu saa. Kwa betri ya 18: ikisoma 20 hadi 21 imejaa, 18 na ushee iko katikati, 15 imekwisha, chini ya 12.5 imeshuka kupita kiasi. Kuna betri ambazo bodi ya ndani, ile saketi ya kuzilinda, hufunga njia mpaka zivalishwe kwenye mashine, na hizo zinaweza kusoma sifuri wakati seli zina umeme. Kwa hiyo sifuri kavu, bila dalili nyingine, haitoshi kuihukumu betri.

Chaja inakataa, taa inamweka tu

Sababu ya kwanza, na ndiyo ninayoiona zaidi huku kwetu, ni joto. Betri imetoka kwenye grinda, imefanya kazi juu ya bati saa saba mchana, inachomolewa na kupachikwa kwenye chaja hapo hapo. Ndani ya betri kuna kipimajoto kidogo kinachozungumza na chaja, na chaja husubiri. Kwenye chaja nyingi taa moja inayomweka maana yake ni subiri, na nyekundu ikipokezana na kijani ni betri mbovu, lakini kila kampuni ina alama zake, na mara nyingi zimechapwa kwenye stika ya chaja yenyewe. Isome. Kisha iweke betri kivulini, mahali penye hewa, kwa saa moja. Usiitie kwenye friji na usiilaze kwenye kitambaa chenye maji. Ikipoa na kuanza kuchaji, hapakuwa na ugonjwa wowote.

Kama imepoa na bado inakataa, angalia vyuma vinavyogusana. Fundi wa jipsamu na fundi wa simenti wana tatizo moja hapa: vumbi laini linaingia kwenye mianya ya betri na kukaa juu ya vile vyuma vyembamba. Futa kwa mswaki mkavu, kisha kwa pamba yenye spiriti, acha ikauke kabisa. Msasa usitumie. Vyuma hivyo vimepakwa utando mwembamba wa kuzuia kutu, na msasa unauondoa. Angalia pia vile vyuma vidogo vya pembeni, si chanya na hasi pekee. Hivyo ndivyo vinavyopeleka habari za joto kwenye chaja, na kimoja kikikunjwa chaja haiwezi kujua chochote, hivyo inakataa kwa usalama.

Sababu ya tatu ni betri kuachwa tupu. Kazi imeisha, taa ya betri imebaki moja, mashine ikatupwa stoo miezi mitano. Betri haikai na chaji yake milele, na bodi ya ndani nayo hula kidogo kidogo. Unapoitafuta tena mita inasoma volti 11. Chaja nzuri ikiona hivyo hugoma, na ina haki.

Hapa ndipo mitaani wanapoishtua: waya mbili kutoka betri iliyojaa, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, dakika chache mpaka volti zipande na chaja ikubali. Nakusihi usifanye hivyo. Seli ya lithiamu ikishuka chini ya volti 2 au karibu na hapo na kukaa hivyo, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka kwenye maji ya betri. Ukiichaji tena, ile shaba hujijenga upya mahali pasipo pake na inaweza kuunganisha pande mbili zilizopaswa kutengana. Huenda isilipuke siku hiyo. Inaweza kufanya kazi wiki, mwezi, halafu usiku mmoja ikiwa kwenye chaja ndani ya chumba mnacholala, ikashika moto yenyewe. Betri ya 18 iliyokaa chini ya volti 10 ihesabu imekufa. Iliyo kati ya hapo na 12.5 iachie chaja ya kampuni yake iamue: baadhi huanza na umeme mdogo sana kwanza, na kama hata hiyo imekataa, basi.

Sababu ya nne ni seli kupishana. Jumla ya volti inaonekana ya kuridhisha, tuseme 18.2, lakini ukipima seli moja moja unakuta nne zina 3.9 na ya tano ina 2.6. Chaja yenye akili inaona hiyo ya tano na kukataa. Kuibadilisha hiyo moja tu hakusaidii, kwa sababu seli mpya katikati ya nne zilizochoka itapishana nazo tena. Zinabadilishwa zote, za aina moja, na zinaunganishwa kwa mashine ya kuchomea nukta, si kwa risasi na chuma cha moto, maana joto lile linaharibu seli kabla hata hujaitumia. Kama fundi wako hana mashine hiyo, mshukuru na uondoke. Na wewe usiifungue kwa bisibisi ndefu ya chuma. Bisibisi ikiangukia kati ya ncha mbili, seli hizo zinatoa umeme mwingi kiasi cha kuyeyusha chuma mkononi mwako.

Mwisho, huenda mgonjwa ni chaja. Jaribu betri nyingine inayofanya kazi. Kama nayo haichaji, basi ni chaja au ni umeme wa nyumbani. Na kuna kisa cha pekee kwa wenye ndugu Marekani: seti nzuri imeletwa, imechomekwa kwa adapta ya plagi, ikatoa moshi siku hiyo hiyo. Geuza chaja usome mahali palipoandikwa INPUT. Ikisema 120V, hiyo ni ya umeme wa Marekani. Tanzania tunatumia 230 na Kenya 240, na adapta ya plagi hubadilisha umbo la miguu tu, haishushi volti. Betri zenyewe hazina shida. Unachohitaji ni chaja ya kampuni ile ile ya 220–240V, si transfoma ya mashaka.

Taa zote nne zinawaka, lakini ikikutana na kazi inazima

Kwenye mbao laini inachimba, kwenye zege inakoroma mara moja na kuzima. Ukibonyeza kitufe cha betri, taa nne. Mtu anadhani drili imeharibika.

Taa hizo hupima volti betri ikiwa imepumzika. Hazipimi kama seli inaweza kutoa umeme mwingi kwa mkupuo. Grinda inayotumia wati 700 kwenye volti 18 inavuta karibu ampia 39. Betri yenye mstari mmoja wa seli inabeba ampia zote hizo peke yake. Yenye mistari miwili inagawana, kama 19 na nusu kila mstari. Kwa hiyo swali la kwanza: je, umeivalisha grinda betri ndogo ya 1.5Ah iliyokuja na drili? Kama ndivyo, haijaharibika, imezidiwa. Bodi ya ulinzi imekata umeme kama ilivyotakiwa.

Kama ni betri kubwa na zamani ilikuwa inafanya kazi hiyo, basi seli zimechoka. Kadiri zinavyozeeka, ukinzani wa ndani unaongezeka, na volti zinaporomoka pale tu unapobana kifyatulio. Kipimo chake ni rahisi: shika mita kwenye betri wakati mashine inafanya kazi nyepesi, kama mashine yako inakuruhusu kufikia vyuma. Ikishuka kutoka 20 hadi 18 ni kawaida. Ikianguka hadi 14 na kurudi 20 ukiachia, hiyo ni ya kustaafishwa kwenye kazi nzito. Inaweza kuishi miaka zaidi kwenye taa ya kazini au redio.

Kabla ya hukumu hiyo, jaribu betri nyingine kwenye mashine ile ile. Kama nayo inazima, tatizo ni mashine: brashi za kaboni zimeisha, kifyatulio kimeungua, au keekee imekuwa butu na unaisukuma kwa mabega. Keekee butu imewaponza watu wengi kununua betri ambazo hawakuzihitaji.

Walio Makete au Njombe asubuhi za Juni, ongezeni hili: betri baridi ni dhaifu kwa muda tu. Iweke ndani ya koti kidogo, itarudi. Ila usiichaji ikiwa imeganda, chini ya nyuzi 0, kwa sababu lithiamu hujikusanya vibaya ndani na uharibifu huo haurudi.

Inajaa upesi, inaisha upesi

Ilikuwa inachaji saa nzima, sasa dakika kumi na tano taa ya kijani. Furaha ya bure. Seli moja iliyo dhaifu inafika 4.2 kabla ya wenzake, chaja inasimama, na kazini hiyo hiyo moja inakuwa ya kwanza kufika chini, bodi inakata. Betri nzima inaishi kwa kipimo cha seli yake mbovu. Mara chache, kuiacha kwenye chaja ya asili muda mrefu kidogo baada ya kujaa husaidia, kwa sababu baadhi ya bodi husawazisha seli mwishoni. Betri nyingi hazina uwezo huo, kwa hiyo usingoje miujiza.

Na ile kanuni ya kumaliza chaji yote kabla ya kuchaji tena, iache. Ilikuwa ya betri za nikeli na kadimiamu, zile nzito za zamani zenye seli za volti 1.2. Lithiamu haitaki hivyo. Inachakaa upesi kwa mambo mawili: joto, na kukaa muda mrefu ikiwa imejaa kabisa au tupu kabisa. Ukiiweka stoo iache nusu, taa mbili, nje ya mashine, mbali na paa la bati na mbali na dashibodi ya gari.

Ni mpya lakini haina nguvu

Ipeleke kwenye mizani ya dukani. Sisemi mzaha, mizani ndiyo mpelelezi bora. Seli ya kawaida ya betri hizi, ile yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, ina uzito wa gramu 45 hadi 48, na uwezo wake mkubwa kwa mashine ni karibu 3Ah. Betri ya 18V iliyoandikwa 6Ah lazima iwe na seli kumi za namna hiyo; zile zenye tano za aina nene zaidi kwa kawaida hutoa ampia-saa kidogo kuliko hizo. Kumi zina gramu 450 na zaidi kabla ya ganda, bodi na vyuma, kwa hiyo nzima inapita 600. Ukiona stika ya 6Ah na mizani inasema gramu 380, umenunua seli tano ndani ya ganda kubwa.

Jihadhari zaidi na zile zilizoandikwa 48V, 88V, 98VF, 128VF. Pima. Mara nyingi mita itasoma 20 na ushee, kama betri nyingine yoyote ya seli tano. Namba hiyo kubwa ni ya kuuzia tu, na utaona hapo chini jinsi inavyoweza kukugharimu uwanja wa ndege.

Inapata moto ikiwa imekaa, inanuka, ganda limejikunja

Betri kuwa ya moto baada ya kazi ni kawaida. Betri kuwa ya moto ikiwa imelala mezani si kawaida hata kidogo. Hivyo hivyo harufu tamu kama ya rangi ya kucha, sauti ya kuchemka, au plastiki iliyolegea. Seli zake ni za chuma, hazivimbi kirahisi kama za simu, kwa hiyo ukiona ganda limebadilika umbo, joto la ndani lilikuwa kubwa.

Ipeleke nje, juu ya zege au mchanga, mbali na mbao, rangi na petroli, na usiirudishe kwenye chaja. Ikishika moto, jitenge na moshi wake kwanza, una sumu kali. Maji mengi ndiyo yanayofaa, kwa sababu kazi ni kupoza seli za jirani zisilipuke kwa zamu. Glasi moja ya maji haitoshi, na kuifunika kwa blanketi kunahifadhi joto.

Betri iliyoanguka toka gorofa ya pili, au iliyolowa mvua, ichukulie hivyo hivyo kwa siku kadhaa: nje, peke yake, bila chaji.

Begi limeitwa, betri zimechukuliwa

Hili ni tatizo lenye dalili na sababu kama mengine, na linawapata sana mafundi wanaotoka Dubai au Guangzhou na mashine mpya.

Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, ilipaa kutoka Dubai kwenda Cologne. Moto uliwaka ndani ya shehena, moshi ukajaa chumba cha marubani, na wote wawili waliokuwamo wakafa. Wachunguzi wa Falme za Kiarabu waliona moto ulianzia kwenye mzigo wenye betri za lithiamu. Hatari ya namna hiyo ndiyo sababu betri ya ziada haitakiwi chini ya ndege, ambako hakuna wa kuiona ikianza kutoa moshi. Ndani, pamoja na abiria, mhudumu anaiona na kuimwagia maji.

Kanuni inayofuatwa na mashirika mengi duniani inahesabu wati-saa, yaani Wh, na hesabu yake ni volti mara ampia-saa. Betri ya 18V na 2Ah ni 36. Ya 4Ah ni 72. Ya 5Ah ni 90. Mpaka 100 unaruhusiwa kuibeba kwenye begi la mkononi bila kuomba. Ya 6Ah ni 108, imevuka mstari. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege, na hupewi zaidi ya mbili za ziada. Ya 9Ah ni 162, haipandi na abiria kabisa. Kwa hiyo ukiwa dukani Deira, kule Dubai, kama unajua utarudi kwa ndege, nunua mbili za 5Ah uache ile moja ya 9. Idadi ya zile ndogo nayo ina kikomo chake, soma masharti ya shirika lako kabla ya kununua sita.

Kama betri zilikuwa kwenye begi la chini, hiyo ndiyo sababu zilichukuliwa. Kama zilikuwa mkononi na bado zikakataliwa, angalia haya. Je, zilikuwa zimevaa drili? Drili na keekee ni vifaa vya fundi, havipiti ukaguzi wa kabini. Mashine inakwenda chini, betri inapanda nawe. Ukiiweka mashine begini, kile kitufe cha mbele na nyuma kiweke katikati ili kifyatulio kijifunge. Je, vyuma vya betri vilikuwa wazi, pamoja na misumari na funguo? Kila betri ivalishwe kofia yake ya plastiki au tepu ya umeme juu ya vyuma, kisha mfuko wake peke yake. Je, stika inasomeka? Iliyofutika humpa mkaguzi sababu ya kukataa. Na ile ya 98V yenye 6Ah? Mkaguzi atazidisha kama ilivyoandikwa na kupata 588. Hana wajibu wa kuamini mita yako.

Wengine wana kile kiunganishi cha USB kinachoigeuza betri ya drili kuwa pawabenki. Kivue kabla ya safari. Emirates, kwa mfano, imepiga marufuku kutumia pawabenki ndani ya ndege tangu 1 Oktoba 2025, na hutaki kubishana angani kuhusu kitu chako kinaitwaje.

Kosa moja linatokea mlangoni kabisa: ndege imejaa, mhudumu anachukua begi lako la mkononi alipeleke chini. Toa betri zote kwanza, ubaki nazo mkononi. Mwambie wazi kwamba zimo, atakushukuru. Safiri nazo zikiwa na taa moja au mbili, si zikiwa zimejaa. Yenye ganda lililopasuka, iliyowahi kuungua, au iliyotangazwa na kampuni kuwa irudishwe, usiibebe kabisa.

Kuna wanaotuma kwa kago badala ya kubeba. Tangu 1 Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafiri peke yake haziruhusiwi kama kago kwenye ndege ya abiria, na kwenye ndege za mizigo zinapokelewa zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30, kwa makaratasi yake. Wakala akikwambia ataichanganya na nguo ipite kimya kimya, chukua mzigo wako. Ndege hiyo ina watu. Tuma kwa meli, na itangazwe kama betri, itafika Mombasa au Dar es Salaam ikiwa imechelewa kidogo.

Ikifika, toa tepu, pima kila moja kwa mita, na andika volti na tarehe kwa maka peni upande wa chini wa ganda. Iliyoshuka njiani kuliko wenzake, ichaji ukiwa macho, nje, na uipime tena kesho yake.